Gia ya Mkono Mtaani Umoja: Historia ya Torki, Klachi na Matatu

Miongoni mwa madereva na mafundi wa matatu katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, ipo kauli ambayo kwa muda mrefu imechukuliwa kuwa haihitaji ushahidi, nayo ni kwamba gia otomatiki ni ya gari dogo la petroli, na kwamba ikifungwa nyuma ya injini ya dizeli ya lori itaungua kabla mwaka haujaisha. Kauli hiyo, ikipimwa kwa vigezo vya uhandisi, imekuwa na kasoro kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu mabasi, malori na hata vifaru vya dizeli vilikuwa vikiendeshwa kwa gia zinazotumia mafuta badala ya klachi kabla nyumba ya kwanza haijajengwa Umoja. Hata hivyo, ikipimwa kwa hesabu za mwenye gari na kwa mazingira ya gereji za Eastlands, inakaribia sana kuwa kweli, na sababu zake zimo katika historia ya mtaa wenyewe na ya magari yaliyoulisha.

Umoja ulijengwa katika miaka ya 1970 upande wa mashariki wa barabara ya Outer Ring, kwa fedha za mkopo uliodhaminiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, ukiwa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi. Katika muongo huohuo miradi ya Buruburu na Dandora nayo ilikuwa ikipanuka, na awamu ya pili ya Umoja ikafuata katika miaka ya 1980. Nyumba za awali zilikuwa ndogo, za chini, zilizopangwa ili familia ya kipato kidogo iweze kuongeza chumba kadiri uwezo ulivyoruhusu, ingawa hazikuchukua muda kuingia mikononi mwa watu wa tabaka la kati, na baadaye nyingi zilibomolewa ili kupisha maghorofa ya kupangisha yanayoonekana leo kuanzia Innercore hadi Mutindwa. Wapangaji wa jiji waliweka makazi mashariki, lakini ajira ilibaki katika Eneo la Viwanda na katikati ya jiji, umbali wa kilomita kumi hivi kuelekea magharibi, kwa hiyo mtaa ulizaliwa ukiwa unategemea usafiri, na kila ghorofa lililoongezwa liliongeza abiria wa asubuhi bila kuongeza barabara.

Usafiri huo kisheria ulikuwa mali ya kampuni moja, Kenya Bus Service, iliyoanza kazi mwaka 1934 na kupewa haki ya pekee ya kubeba abiria jijini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa tamko lililoruhusu matatu kufanya kazi bila leseni maalumu ya uchukuzi wa abiria, na ni mwaka 1984 tu ndipo sheria ilipozitambua matatu rasmi na kuanza kuzidai vyeti vya ukaguzi. Magari ya mwanzo yalikuwa ya namna yoyote iliyopatikana, zikiwamo pikapu za Peugeot 404 zilizofungwa mabenchi nyuma. Kwa magari hayo mepesi swali la gia lilikuwa dogo, kwa sababu injini haikuwa na nguvu ya kuvunja kitu chochote kilichotengenezwa kwa uangalifu wa kawaida.

Hali ilibadilika Isuzu ilipoingia. Kampuni ya General Motors Kenya, ubia kati ya General Motors ya Marekani na Serikali ya Kenya, iliundwa mwaka 1975, na kiwanda chake cha Nairobi kilianza kuunganisha magari mwaka 1977. Kutoka hapo yalitoka malori madogo ya Isuzu ambayo wenye matatu waliyanunua yakiwa chasisi tupu, yaani fremu, injini, magurudumu na kabini au sehemu yake, kisha wakayapeleka kwa mafundi wa bodi waliojenga juu yake basi la viti 25, 29 au 33. Magari yaliyojulikana kwa herufi zake, NKR, NPR na hatimaye NQR, ndiyo yaliyotawala njia ya Umoja, na hata leo msafiri wa njia ya 35/60 hukaa ndani ya gari ambalo, chini ya michoro, taa na spika zake, ni lori. Jambo hilo husahaulika kwa urahisi, ilhali ndilo linaloeleza ukali wa swali la gia, kwa sababu mzigo wa abiria hupanda na kushuka kila mita mia chache, kazi ambayo lori la mizigo halifanyi.

Ili kuelewa swali lenyewe ni lazima kueleza torki, yaani nguvu ya kusokota inayotoka kwenye krenki ya injini, inayopimwa kwa nyutoni-mita, ambazo kwa kifupi huandikwa Nm. Gari dogo la petroli lenye injini ya lita 1.5 hutoa Nm 140 hivi, tena baada ya kuzungushwa zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Injini ya Isuzu ya aina ya 4HK1, yenye lita 5.2 na turbo, ambayo imefungwa katika NQR nyingi za Nairobi, hutoa karibu Nm 400, na huzitoa kuanzia mizunguko 1,600 hivi. Dizeli huwashwa kwa mgandamizo wa hewa bila plagi, na kila mlipuko hupiga pistoni kwa ghafla zaidi kuliko petroli, kwa hiyo gia iliyo nyuma yake haipokei tu nguvu kubwa zaidi, bali huipokea mapema, gari likiwa bado limesimama au linatambaa, na huipokea kwa mapigo.

Gia ya mkono hupokea mapigo hayo kupitia klachi, ambayo ni sahani yenye lining iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Gia otomatiki ya kawaida haina sahani hiyo mbele yake. Mahali pake pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambamo panga zinazozungushwa na injini hurusha mafuta kwenye panga nyingine zilizounganishwa na gia, huku panga za tatu zilizo katikati zikielekeza upya mafuta yanayorudi. Kwa sababu ya panga hizo za katikati, konveta inaweza kuzidisha torki karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka, kwa hiyo Nm 400 za injini zinaweza kufika kwenye shafti ya kuingilia zikiwa zinakaribia 800. Nyuma ya konveta kuna seti za gia za sayari, zinazozungukana kwenye mhimili mmoja, na kila gia huchaguliwa kwa kubana rundo la sahani nyembamba zilizolowa mafuta, zinazosukumwa na shinikizo la mafuta hayohayo.

Hapo ndipo mahali hasa gia otomatiki inaposhindwa, na mahali penyewe si pale wengi wanapodhani. Meno ya gia za sayari hayavunjiki kwa urahisi, kwa kuwa mzigo hugawanywa kati ya gia tatu au nne kwa wakati mmoja. Kinachoshindwa ni mshiko wa sahani: ikiwa torki inayoingia ni kubwa kuliko shinikizo linalozibana, sahani huteleza kidogo, utelezi huzaa joto, joto huunguza lining yake, na mafuta ambayo yalikuwa mekundu na safi huwa meusi yenye harufu ya kuungua. Konveta nayo, kila inapoteleza, hugeuza sehemu ya kazi ya injini kuwa joto ndani ya mafuta hayo. Kwa hiyo uwezo wa gia otomatiki kubeba dizeli hutegemea ukubwa na idadi ya sahani zake, shinikizo la pampu yake, na kipoza mafuta kilichofungwa mbele ya gari. Vitu hivyo vikitosha, haijalishi kama mafuta yaliyo tangini ni petroli au dizeli.

Ulimwengu ulipata jibu hilo zamani. Mhandisi wa Ujerumani, Hermann Föttinger, aliandikisha hataza ya uhamishaji nguvu kwa mafuta mwaka 1905, akiwa na nia ya kuunganisha injini za meli na mapangaboi yake. General Motors ilianza kuuza gia otomatiki kamili ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na katika Vita vya Pili vya Dunia gia hizo zikafungwa katika vifaru vyepesi vya Marekani. Wakati huohuo kampuni hiyo ilikuwa ikiuza mabasi ya mijini yaliyoitwa TDH, ambapo herufi ya pili ilisimamia dizeli na ya tatu uendeshaji wa mafuta badala ya klachi. Kwa maneno mengine, basi la dizeli lisilo na pedali ya klachi lilikuwa likibeba abiria wa miji ya Marekani katika miaka ya 1940. Kufikia mwaka 1960 kifaru cha M60, chenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 750, kiliingia jeshini kikiwa na gia ya konveta iliyotengenezwa na Allison. Leo gia kubwa za mabasi na malori mazito za kampuni kama Allison na ZF hukubali zaidi ya Nm 2,000, mara tano ya zile ambazo matatu ya Umoja huweza kutoa.

Si kwamba historia hiyo haina majeruhi. Mwaka 1989 pikapu za Dodge nchini Marekani zilianza kufungwa injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, yenye torki ya Nm 540 hivi, na zile zilizouzwa bila pedali ya klachi zilipewa gia ya ukoo uliokuwa umebuniwa kwa ajili ya magari ya petroli. Gia hiyo ilivumilia iwapo injini iliachwa kama ilivyotoka kiwandani, lakini wenye magari walioongeza mafuta na turbo ili kuvuta mizigo mizito zaidi waliunguza sahani zake, na kutokana nao ikaenea imani, hata miongoni mwa Wamarekani wenyewe, kwamba dizeli na otomatiki havipatani. Imani ya Eastlands ina ndugu zake ng'ambo.

Kuna jambo katika kumbukumbu za biashara linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyowahi kutazamwa. General Motors iliinunua Allison mwaka 1929. Mwaka 1971 ilinunua asilimia 34.2 ya hisa za Isuzu. Miaka minne baadaye ikawa mbia wa Serikali ya Kenya. Kwa hiyo, tangu siku ambayo Isuzu ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Nairobi hadi General Motors ilipouza hisa zake za mwisho za Isuzu mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya kuiuza Allison, mmiliki mmoja alikuwa na mkono katika injini iliyobeba watu wa Umoja, katika kiwanda kilichoiunganisha, na katika gia otomatiki iliyoaminika kuliko zote kwa kazi za dizeli. Ushirikiano huo ulipozaa matunda, ulizaa mbali na Nairobi: kampuni ya DMAX, ubia wa General Motors na Isuzu ulioanzishwa mwaka 1998, ilijenga kiwanda Moraine, Ohio, na kutoka hapo ikatoka injini ya Duramax, dizeli ya lita 6.6 iliyobuniwa na Isuzu, iliyofungwa pamoja na gia ya Allison 1000 katika pikapu za mwaka 2001 ikiwa na Nm 705. Injini ya 4HK1 yenyewe huuzwa Marekani katika malori madogo ya Isuzu ikiwa na gia otomatiki ya Aisin yenye hatua sita, na huko hurekebishwa kutoa karibu Nm 600. Mgawa bidhaa wa mjini Chicago anaweza kumaliza siku nzima bila kukanyaga klachi akiwa na injini ileile ambayo dereva wa Umoja huiondoa kwenye foleni ya Outer Ring kwa kukanyaga klachi mamia ya mara.

Kwa nini basi gia hiyo haikufika Umoja? Bei ni sehemu ya jibu, lakini si sehemu yenye uzito zaidi. Jibu zito limo katika mfumo wa matengenezo uliokua pamoja na mtaa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilikuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kutambua kwamba kazi zisizo rasmi zilikuwa uchumi wenye tija, na kufikia miaka ya 1980 serikali ilikuwa imeanza kuzisemea vizuri kazi hizo za jua kali. Kwa matatu za Umoja, jua kali maana yake ilikuwa Kariobangi Light Industries iliyo jirani, gereji za kando ya barabara, na maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Ufundi uliokua katika sehemu hizo ulikuwa ufundi wa vitu vinavyoonekana na kupimika kwa jicho na kidole.

Kubadilisha klachi ya Isuzu kunaonyesha jambo hilo vizuri. Gari huegeshwa jioni baada ya safari ya mwisho, magurudumu huzuiwa kwa mawe, na fundi huingia chini akiwa amelalia katoni. Propela hufunguliwa boliti zake na kuwekwa kando, kisha gia hufunguliwa na kuvutwa nyuma juu ya jeki ya magurudumu au juu ya magogo, huku msaidizi akiishikilia isiangukie upande. Presha pleti ikitolewa, sahani huonekana: lining imeliwa hadi kwenye vichwa vya riveti, na uso wa flaiwili una madoa ya samawati yaliyoachwa na joto. Sahani mpya ikikosekana, ya zamani hupelekwa kupigwa lining nyingine kwa riveti. Ili kuiweka katikati sawasawa, fundi hutumia shafti ya kuingilia ya gia kuukuu badala ya kifaa maalumu cha kiwandani, na alfajiri gari hurudi steji. Klachi katika mfumo huu ni fyuzi: kitu rahisi kinachoungua ili kitu ghali kilicho nyuma yake kisiungue. Gia za mkono za Isuzu za ukoo wa MYY, ambazo ndizo mafundi hao huzifahamu, zinaweza kufunguliwa katika chumba chenye vumbi, zikabadilishwa beringi na meno ya kulinganisha mwendo, zikafungwa, na zikafanya kazi.

Gia otomatiki haikubali utaratibu huo. Ubongo wake, katika zile za zamani, ni kipande cha aluminiamu chenye vijia vyembamba na vali ndogo zinazokwama kwa chembe moja ya uchafu, na katika zile mpya huongezewa kompyuta ambayo haisemi na fundi asiye na mashine ya kuisoma. Haina sehemu moja ya kutoa kafara. Sahani zikiungua, unga wake husambaa katika konveta, pampu na kipoza, na vyote hulazimika kusafishwa au kubadilishwa. Gia ya mkono hulalamika mapema, kwa kunuka, kwa kuteleza mlimani, kwa kugoma kuingia. Ya otomatiki huvumilia kimya, kisha siku moja hugoma kabisa.

Mpangilio wa kazi ya matatu huongeza uzito wa tofauti hiyo. Mwenye gari kwa kawaida haliendeshi. Hupokea kiasi cha fedha kilichokubaliwa kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ni cha dereva na makanga. Dereva akipumzika, gari huchukuliwa na mwingine wa kushikilia, ambaye huenda hatalishika tena wiki hiyo. Hakuna kati yao anayelipia gia. Katika hali kama hiyo mwenye gari hupendelea kifaa ambacho uharibifu wake huonekana mapema na hugharimu kidogo, na si rahisi kumlaumu. Baada ya kanuni za mwaka 2004, zilizojulikana kwa jina la Waziri John Michuki, kuweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, na baada ya serikali kutangaza kwamba haitasajili tena matatu za viti 14 kuanzia mwaka 2011, wenye fedha walizidi kuelekea kwenye magari ya viti 33, yaani kwenye torki kubwa zaidi, bila kubadili mawazo yao kuhusu gia.

Sifa mbaya ya otomatiki ilitoka hasa kwa yale magari ya viti 14. Kufunguliwa kwa soko katika miaka ya 1990 kulileta magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, yakiwamo ya Toyota Hiace, baadhi yake yakiwa na gia otomatiki zilizobuniwa kwa familia au mfanyabiashara mdogo wa Osaka. Magari hayo yakabebeshwa abiria kupita kiasi, yakasimamishwa na kuondolewa kila dakika, na mafuta ya gia zake yakajazwa ya aina isiyofaa au yasibadilishwe kabisa. Gia hizo ziliungua, kama ambavyo zingeungua popote pale, na kung'oa gia otomatiki ili kuweka ya mkono kukawa kazi ya kawaida ya gereji. Aliyeona hayo alikuwa na haki ya kuogopa. Alikosea tu alipoitoa hofu hiyo kwenye Hiace ya Nm 200 na kuipeleka kwenye kila gia otomatiki duniani. Hata mfumo wa leseni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, umetenga daraja la B1 kwa wanaoendesha magari madogo ya otomatiki pekee, mpangilio unaochukulia gia ya mkono kuwa ndiyo hali ya kawaida.

Mwinuko wa Nairobi nao ulichangia, ingawa hutajwa mara chache. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini za zamani za Isuzu zisizo na turbo, kama 4HF1 na 4HG1, zilipoteza kwa hivyo sehemu kubwa ya torki yake, na dereva alilazimika kuizungusha zaidi na kuiachilia klachi polepole ili gari lililojaa liondoke. Konveta iliyopimwa kwa hewa ya pwani ingefanya gari lilelile liwe zito zaidi kuondoka na lichemshe mafuta zaidi. Turbo imepunguza tatizo hilo, lakini mazoea yaliyojengwa na injini dhaifu yalirithiwa na wenye injini zenye nguvu.

Kinachoelekea kuondoa swali lote si Allison wala Aisin. Mwezi Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme ya viti 25 jijini Nairobi kwa kushirikiana na Citi Hoppa na East Shuttle, na mabasi ya namna hiyo yameendelea kuongezeka. Mota ya umeme hutoa torki yake yote tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo haihitaji klachi, konveta, wala ngazi za gia. Hupitisha nguvu kwenye punguzo moja lisilobadilika. Hata hivyo torki hiyo bado hulazimika kupita katika difu na ekseli za nyuma kabla haijafika kwenye tairi, na difu bado hufunguliwa kwa spana, hupimwa nafasi ya meno yake kwa mkono, na hufungwa upya katika gereji zilezile za Kariobangi.